Homoni za mwanaume zikivurugika: namna ya kupima na kusoma majibu ukiwa Arusha au Moshi

Mwanaume akilalamika uchovu, hamu ya tendo la ndoa imepungua na kitambi hakishuki, siku hizi haraka anaambiwa "ni homoni hizo". Mara nyingi siyo. Na pale ambapo ni kweli, homoni yenye tatizo huenda isiwe ile anayoifikiria. Shida kubwa ni kwamba wengi wanaanzia mwisho: wananunua dawa, haikubali, wananunua nyingine, ndipo wanakumbuka kupima, tena mchana, wakiwa na dawa mwilini. Huu ni utaratibu wa kuanza mwanzo.

Kwanza ujue nani anamwamuru nani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoitwa pituitari. Inatoa homoni mbili zinazoshuka kwenye korodani: LH, inayoamuru testosteroni, homoni kuu ya kiume, itengenezwe, na FSH, inayosimamia utengenezaji wa mbegu. Testosteroni ikitosha, ubongo unapunguza amri, ikipungua, unaongeza. Shika hilo, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kusoma karatasi ya maabara. Sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni, na kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana kitambi na homoni haviachani. Nje ya mnyororo huo kuna tezi ya thairoidi shingoni, tezi zilizo juu ya figo zinazotoa kotisoli, na kongosho linalotoa insulini. Yoyote kati ya hizo ikiyumba inaweza kumfanya mwanaume ajione amekwisha, na testosteroni yake ikawa nzuri tu.

Dalili zenye uzito na zisizo na uzito

Uchovu, usingizi mbaya, hasira za karibu na kusahausahau ni dalili halisi, lakini hazikuelekezi popote. Upungufu wa damu unazileta, sukari inazileta, msongo wa mawazo na deni la benki vinazileta. Dalili zinazoelekeza kwenye testosteroni ni hizi: hamu ya tendo imepotea kabisa na siyo kwa mtu mmoja tu, uume hausimami alfajiri kwa wiki kadhaa mfululizo, ndevu na nywele za kwapani zinapungua, unanyoa mara chache kuliko zamani, korodani zimesinyaa, matiti yanaota, unapata joto la ghafla na jasho bila sababu, mfupa umevunjika kwa kuanguka kidogo, au mtoto hapatikani.

Mwanaume ambaye uume unasimama vizuri alfajiri lakini unashindwa akiwa na mwenzake, mara nyingi tatizo lake ni hofu, ugomvi au uchovu wa kazi. Yule ambaye hamu anayo ila uume unalegea wakati wote, aangalie mishipa ya damu kwanza: presha, sukari, lehemu, sigara. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huanza kuziba mapema. Kulegea kwa namna hiyo kwa mtu wa miaka 45 ni sababu ya kupima moyo na mishipa, na vumbi la Kongo halitamsaidia.

Kuna mambo matatu unayoweza kujikagua nyumbani.

Kiuno: tumia futi ya fundi cherehani. Simama, toa pumzi kawaida, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, siyo pale mkanda unapokaa. Wenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, wakasoma namba ndogo kuliko ukweli. Ukizidi sentimita 94 hatari imeanza; ukizidi 102 ni kubwa.

Matiti: lala chali, weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za titi, visogeze taratibu kuelekea chuchu. Mafuta ni laini na vidole vinakutana bila kizuizi. Ukigusa kisahani kigumu kinachoteleza chini ya chuchu, tena kinauma kidogo, hiyo ni nyama ya titi yenyewe, na hapo homoni au dawa fulani inahusika. Uvimbe mgumu usiosogea, wa upande mmoja, au chuchu inayotoa damu, ni wa kuonyesha hospitali wiki hiyohiyo. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia.

Korodani: zikague baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea. Ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 4 hadi 5. Ndogo sana na ngumu kwa zote mbili tangu ujana, hasa kwa mtu mrefu mwenye ndevu chache, inaweza kuwa hali ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada; wengi wao hugundulika ukubwani wakitafuta mtoto. Iliyosinyaa upande mmoja huweza kuwa ilijikunja zamani au ilishambuliwa na matumbwitumbwi. Kidonge kigumu ndani ya korodani, hata kisichouma, kinahitaji utrasaundi haraka.

Damu ichukuliwe saa ngapi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Testosteroni hupanda usiku ukiwa usingizini, hufika kileleni asubuhi, na hushuka kadiri mchana unavyoingia, hasa kwa vijana. Damu ichukuliwe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla hujala chochote. Chakula, hususan cha sukari, huishusha kwa muda. Chai ya maziwa na chapati mbili za stendi zinatosha kuharibu kipimo.

Sasa fikiria mtu wa Tarakea au wa Karatu. Anapanda gari la kwanza, anafika mjini saa tatu, foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya malipo, damu inatolewa saa saba mchana na tumbo limeshapata supu. Majibu yanatoka chini, anaambiwa ana upungufu, kumbe ni saa tu. Dawa yake ni rahisi: siku ya kwanza nenda kwa ajili ya daktari na fomu, lipia, kisha ulale mjini kwa ndugu na urudi maabara asubuhi inapofunguliwa. Hakikisha saa ya kuchukuliwa damu imeandikwa kwenye fomu. Isipoandikwa, iandikishe.

Mlinzi wa usiku au dereva wa lori anayelala mchana afuate saa zake mwenyewe: apime ndani ya saa mbili hadi tatu baada ya kuamka kwenye usingizi wake mrefu. Na amweleze daktari hivyo, la sivyo majibu yatasomwa kama ya mtu mwingine.

Usipime ukiwa na malaria, homa ya matumbo, au ndani ya wiki chache baada ya upasuaji. Mwili ukiumwa huzima kiwanda cha testosteroni kwa muda. Wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro nao wasubiri: siku sita za kubeba mzigo, kulala vibaya na kula pungufu hushusha homoni kwa mtu mwenye afya kabisa. Pumzika, kula na kulala vizuri wiki mbili ndipo upime. Kama unatumia virutubisho vya nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku tatu kabla. Vinavuruga mashine za maabara, vikapandisha testosteroni na kushusha TSH, kipimo cha thairoidi, kwenye karatasi tu.

Kipimo kimoja kilichotoka chini hakitoshi. Kirudiwe asubuhi nyingine, ikiwezekana maabara ileile. Wengi ambao kipimo cha kwanza kilikuwa chini kidogo, cha pili kinakuja kawaida.

Vipimo gani, na kwa mpangilio upi

Usikubali kuuziwa "pakeji ya homoni" nzima siku ya kwanza. Anza na testosteroni ya jumla, sukari ya asubuhi kabla ya kula, picha kamili ya damu, TSH kwa ajili ya thairoidi, na vipimo vya ini na figo. Kipimo cha VVU kiwemo kama hujapima karibuni. Vingi kati ya hivyo vinapatikana hospitali za kawaida kwa bei nafuu na ndivyo vinavyofichua wengi. Testosteroni ikiwa chini mara mbili, ndipo ziongezwe LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, inayoamuru maziwa yatengenezwe. Kwa mwenye kitambi kikubwa, kisukari, ugonjwa wa ini, au umri mkubwa, iongezwe SHBG, ile protini inayobeba testosteroni kwenye damu, ili kiasi kilicho huru kikokotolewe. Unene hushusha SHBG, hivyo testosteroni ya jumla huonekana ndogo wakati iliyo huru inatosha. VVU, ini lililoharibika na uzee huipandisha, ikawa kinyume chake.

Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha ni hospitali za rufaa za mkoa, na barua ya kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, kwa bingwa wa mfumo wa mkojo au wa magonjwa ya ndani huandikwa baada ya hatua hizi za awali. Kama una bima, uliza kabla ya kutolewa damu ni kipimo kipi inalipia. Vya homoni mara nyingi huhitaji sababu iliyoandikwa na daktari.

Kusoma karatasi

Angalia kizio kabla ya namba. Maabara moja inaandika ng/mL, nyingine ng/dL, nyingine nmol/L, na watu wamelia kwa kulinganisha visivyolingana. Kutoka ng/mL kwenda ng/dL zidisha kwa 100. Kutoka ng/dL kwenda nmol/L gawanya kwa 28.8. Tuseme karatasi inasema 2.4 ng/mL. Hiyo ni 240 ng/dL, sawa na takriban 8.3 nmol/L.

Chini ya 300 ng/dL, yaani karibu 10.4 nmol/L, kwa asubuhi mbili tofauti na dalili zipo: huo ndio mpaka unaotumiwa na madaktari wengi kuita upungufu. Kati ya 8 na 12 nmol/L ni eneo la kijivu, hapo ndipo SHBG inapoleta maana. Aliye chini ya 8 na dalili anazo, hakuna ubishi mwingi. Namba ndogo bila dalili yoyote siyo ugonjwa wa kutibiwa kwa sindano. Tafuta sababu, rudia, fuatilia.

Kisha itazame LH. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu: tatizo liko kwenye korodani zenyewe. Testosteroni chini na LH nayo chini au "kawaida", korodani hazijaamriwa: tatizo liko juu, kwenye pituitari, au mwili umezima mfumo kwa sababu ya unene, dawa, njaa au ugonjwa. Neno "normal" pembeni ya LH lisikudanganye. Kwa mtu ambaye testosteroni yake iko chini, LH ilitakiwa ipande. Kubaki katikati ni kasoro.

Prolaktini ikipanda kidogo, rudia ukiwa umetulia, hukuchomwa sindano kwa tabu. Halafu orodhesha dawa zako: metoklopramidi ya kichefuchefu, haloperidoli, klopromazini na risperidoni huipandisha. Hata thairoidi iliyolala na figo zilizochoka huipandisha. Ikizidi 200 ng/mL, uvimbe wa pituitari unashukiwa sana na picha ya MRI inahitajika. Usiogope neno uvimbe: aina hiyo mara nyingi siyo saratani, na wengi hutibiwa kwa vidonge bila kupasuliwa.

TSH ya kawaida iko karibu 0.4 hadi 4.0. Iliyo juu sana pamoja na baridi isiyoisha, ngozi kavu na kunenepa inaonyesha thairoidi imelala. Iliyo chini kabisa pamoja na mapigo ya moyo ya kasi na kukonda inaonyesha imezidi. Milimani rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa sababu udongo hauna madini joto ya kutosha, kwa hiyo endelea na chumvi yenye madini joto hata kama ya mawe inauzwa rahisi. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula, ikirudiwa ikabaki hapo, ni kisukari, na kisukari ndicho kinachojificha nyuma ya "homoni" za wanaume wengi.

Vinavyoshusha, na vinavyorekebishika

Usingizi kwanza. Utafiti wa Chicago uliochapishwa 2011 uliwalaza vijana wenye afya saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Bodaboda anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri kila siku anaishi hivyo mwaka mzima. Mirungi inaongeza tatizo kwa kula usingizi. Anayekoroma kwa nguvu, mkewe akasema pumzi hukatika kisha anashtuka, apimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini kabla ya kuguswa sindano yoyote, maana sindano inaweza kulizidisha.

Kitambi ni cha pili. Kupunguza asilimia 10 ya uzito, yaani kilo 9 kwa mtu wa kilo 90, hupandisha testosteroni bila dawa. Hakuna chakula cha muujiza, ila kuna sahani ya kupunguza: nusu iwe mboga, robo nyama au maharage, robo ndizi, wali au ugali. Tatizo la nyama choma siyo nyama, ni chipsi na bia sita pembeni yake.

Pombe inaumiza korodani moja kwa moja, na ini likichoka estrojeni hubaki nyingi mwilini. Ndiyo maana wanywaji wa miaka mingi huota matiti na ndevu zikapungua. Mbege ya kikombe kimoja kwenye sherehe haimfanyi mtu hivyo. Mbege kila jioni, au gongo, inamfanya.

Dawa ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni, zikitumiwa kila siku, huzima amri kutoka ubongoni. Prednisoloni na deksamethasoni za muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Vidonge vya ketokonazoli, spironolaktoni ya presha na moyo, simetidini ya vidonda vya tumbo, na efavirenzi ya zamani ya VVU zinajulikana kwa kuzuia testosteroni au kuotesha matiti. Peleka vifuko vya dawa zote kwa daktari, hata za kienyeji. Usiache dawa ya presha, VVU au prednisoloni kwa uamuzi wako, inabadilishwa, haikatwi.

Na ile poda ya jimu au "dawa ya asili" inayofanya kazi ndani ya dakika 40? Dawa za asili hazina haraka hiyo. Bidhaa nyingi za namna hii zikipimwa hukutwa zimechanganywa na sildenafili kimyakimya. Sildenafili haipandishi testosteroni hata chembe, na kwa anayetumia dawa za nitrati za moyo inaweza kushusha presha hadi kuua. Angalia kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Isiyosajiliwa iache mezani.

Sindano ya testosteroni

Inafaa kwa mwenye upungufu uliothibitishwa mara mbili, dalili anazo, sababu imetafutwa, na hatafuti mtoto. Hilo la mwisho lishike sana. Testosteroni ya nje huuambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, LH na FSH zinashuka, na mbegu zinaweza kufika sifuri. Baada ya kuacha, mbegu huchukua miezi 6 hadi 12 kurudi, kwa wengine miaka miwili, na wachache hazirudi. Kijana wa jimu anayechoma steroidi kwa ajili ya kifua anajipa njia ya uzazi wa mpango bila kujua.

Kabla ya kuanza, pimwa tezi dume kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA kama una miaka zaidi ya 40, na hematokriti, yaani kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu. Haifai kwa mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, au mwenye moyo ulioshindwa kazi bila kudhibitiwa. Hematokriti ikiwa tayari zaidi ya asilimia 48 hadi 50, subiri sababu ijulikane. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo damu ya mkazi wake inaweza kuwa nzito kidogo kuliko ya mtu wa Tanga. Muulize daktari ailinganishe hivyo. Ukishaanza, rudi miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kisha kila mwaka. Hematokriti ikizidi 54, dozi inasimamishwa, kwa sababu damu hiyo huganda.

Kama mnatafuta mtoto

Kipimo cha kwanza ni cha mbegu, siyo cha homoni. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Toa kwenye kichupa cha maabara, bila kondomu ya kawaida, mate, sabuni wala mafuta, kwani vyote huua au kudhoofisha mbegu. Tone la kwanza likimwagika, waambie maabara, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Kama umetolea nyumbani, fikisha ndani ya dakika 30 hadi 60, kichupa kikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Asubuhi za Juni na Julai Arusha, kichupa kilichowekwa kwenye kikapu cha pikipiki kinafika kimepoa na mbegu zimelala. Kawaida huanzia milioni 16 kwa mililita moja. Kwa kuwa mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, homa ya leo inaonekana kwenye kipimo cha miezi miwili hadi mitatu ijayo. Rudia baada ya muda huo.

Usisubiri miadi

Kichwa kinachouma mfululizo pamoja na kutoona pembeni, hadi unagonga milango kwa mabega, au maziwa kutoka chuchuni: hiyo ni pituitari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Korodani iliyoanza kuuma ghafla na kuvimba ina saa sita hivi za kuokolewa. Nenda usiku huohuo, usikandwe nyumbani. Na mtu anayekonda, anayetamani chumvi, anayezimia akisimama na ambaye viganja na fizi zake zimekuwa nyeusi kuliko zamani, hasa kama aliwahi kuugua kifua kikuu, au mtu aliyeacha ghafla prednisoloni ya miezi mingi hata kama ngozi yake haijabadilika rangi, huenda tezi za juu ya figo zimeacha kutoa kotisoli. Akiongezea kutapika, apelekwe dharura na mtu wa kumsindikiza aseme wazi mapokezi, kwa mfano: "Alikuwa anatumia prednisoloni, ameiacha tarehe fulani." Sentensi hiyo ndiyo inayomwelekeza daktari kwenye haidrokotisoni ya mshipa badala ya dripu peke yake.